Nafundisha watoto 47, mtandaoni wanaingia 11. Nifanyeje?

Mwalimu wa Hesabu:
Habari zenu wakuu. Nafundisha hesabu kidato cha pili. Tangu shule zifungwe Machi 2020 kwa sababu ya korona, mkuu wa shule ameagiza vipindi vyote vihamie Zoom, kila siku saa mbili asubuhi. Darasa langu lina wanafunzi 47. Jana waliingia 11, na kipindi kilipofika katikati wamebaki sita. Mmoja aliwasha maiki kujibu swali la milinganyo, nikasikia baba yake anamhimiza amalize, simu inatakiwa iende kazini. Akasema "eksi ni nne", akakatika. Jibu lilikuwa sahihi na sikuwahi hata kumwambia.

Hao 36 wengine wananinyima usingizi. Wengi nyumbani kwao kuna kitochi tu. Mkuu anasema silabasi lazima iishe. Niendelee na hawa 11 au nisimamishe?

Mzazi wa Watatu:
Mwalimu, usisimamishe, ila acha hivyo vipindi vya moja kwa moja. Kwangu simu janja ni moja, watoto watatu, na wote vipindi vyao ni saa mbili hiyo hiyo. Mkubwa ana mtihani, ndiye anayepewa. Wadogo wanakaa tu na inaniuma. Ukituma sauti ya dakika tano na picha ya ubao kwa WhatsApp, nikirudi usiku napakua na wanasoma. Video ya saa nzima inakula bando lote.

Chaki Nyeupe:
Hauko peke yako, mkuu. UNICEF wametoa taarifa Agosti hii ya 2020: shule zilipofungwa, watoto wasiopungua milioni 463 duniani hawakufikiwa na masomo ya redio, televisheni wala intaneti. Mpelekee mkuu wako aione.

Sierra Leone walifundisha kwa redio wakati wa Ebola, na mwaka huu wamerudi huko huko. Ila kwa hesabu mimi ningefuata Botswana. Watafiti walituma maswali kwa meseji kila wiki, na familia nyingine zikapigiwa simu ya dakika 15 hadi 20, mwalimu akalipitia swali na mtoto huku mzazi akisikiliza. Matokeo ya awali: waliopigiwa walipanda zaidi ya waliopata meseji peke yake. Kitochi kinatosha.

Peni Nyekundu:
Wazo zuri, lakini watoto 36 kwa dakika 15 ni saa tisa kwa wiki. Vocha atatoa nani? Shule ilipie, au agawe kwa zamu.

Mzazi wa Watatu:
Zamu. Hata mara moja kwa wiki tatu, mtoto akijua mwalimu atapiga, daftari analifungua.

Mwalimu wa Hesabu:
Asanteni sana. Zoom nimeiomba ibaki siku moja tu, mkuu amekubali kwa majaribio. Simu nitapiga 12 kwa wiki. Kati ya wale 36, rejista ina namba za wazazi 29. Nimeanza leo. Wa kwanza alipokea bibi yake, akaniuliza kama shule zimefunguliwa. Nikamwambia bado, naomba tu dakika 15 na mjukuu wake. Mtoto akaleta daftari. Kazi ya mwisho humo ni ile niliyosahihisha Machi. Tumefanya maswali mawili, la pili kalimaliza mwenyewe.

Sasa wale saba wasio na namba nawapataje?