Mrejesho: ile posta ya Bruce Lee yenye saini

Wakuu, naleta mrejesho. Niliwauliza kama ile posta (bango) ya filamu ya Enter the Dragon niliyouziwa laki na nusu hapa Majengo, Dodoma, ina saini halali ya Bruce Lee. Jibu ni kwamba nimepigwa.

Mmoja wenu alinishauri nianze na tarehe kabla ya wino, na mchezo ukaishia hapohapo. Bruce Lee alifariki Hong Kong tarehe 20 Julai 1973. Filamu ikaanza kuonyeshwa Marekani Agosti mwaka huohuo. Na muuzaji aliapa kwamba saini ilipigwa ukumbini, usiku wa uzinduzi! Marehemu alifufuka?

Bado roho haikutulia (laki na nusu jamani), nikaazima lenzi kwa fundi saa. Picha yote ni vinukta vya rangi, ndivyo chapa ilivyo. Kuangalia saini, vinukta vilevile. Haikuandikwa, imechapwa pamoja na picha. Kalamu huacha mstari wa wino ulioshikana, na hata pale mkono ulipokaza unapaona.

Posta yenyewe nayo ni nakala. Za sinema za Marekani enzi zile zilikuwa inchi 27 kwa 41, na kwa kawaida zilisafirishwa zikiwa zimekunjwa. Yangu ni 24 kwa 36, haina mkunjo hata mmoja.

Nilimrudia muuzaji. Akacheka, "Mjomba, si ulitaka saini?" Baada ya kelele nyingi akanirudishia elfu hamsini. Posta iko kwa mdogo wangu kinyozi, wateja wanaipenda kweli.