"Anticipated problems" au "Potential challenges"? Nisaidieni kabla ya Ijumaa

Nyikani_Meru
Wakuu habari za usiku. Naandika andiko kwa Kiingereza na nimekwama kwenye kichwa cha sehemu moja tu, ile ya matatizo tunayoona yatakuja huko mbele. Mimi niliandika "Anticipated problems", mwenzangu ofisini kafuta kaweka "Potential challenges", bosi naye anang'ang'ania "Foreseeable risks" eti ndo ya kitaalamu. Tuweke ipi? Natuma Ijumaa asubuhi.

BintiChuma
Andiko la nini? Linasomwa na nani? Matatizo yenyewe yapi? Unaulizia kiatu mguu umeuficha.

mwl_wa_zamu
Wakati tunamsubiri mtoa mada: "potential" ni tatizo linaloweza kutokea au lisitokee, halijakufunga. "Anticipated" ni kwamba mnalitegemea na mmeshajiandaa, walimu wetu wa zamani walikuwa wakali sana hapo, ukiitumia kumaanisha "expected" tu unakula kalamu nyekundu, wao wanasema maana yake ni kuliwahi jambo kabla halijakuwahi. "Impending" na "looming" tatizo liko mlangoni linabisha hodi. "Upcoming" usithubutu, hiyo ni ya mitihani na harusi. Na ukitaka "imminent" angalia vidole visiandike "eminent", utakuwa umemwita tatizo mheshimiwa.

Otis_254
Mimi nakataa vyote. Andika "likely" kwa yale yenye uzito na "possible" kwa mengine, kisha weka asilimia. Wale wa IPCC, jopo la tabianchi la Umoja wa Mataifa, wamelimaliza hili kitambo, kwao "likely" ni kuanzia asilimia 66, "very likely" kuanzia 90, "virtually certain" kuanzia 99. Neno bila namba kila msomaji anajaza lake. Kuna mzee wa CIA anaitwa Sherman Kent, mwaka 1951 waliandika kuna "serious possibility" Yugoslavia ivamiwe, yeye kichwani ana 65 kwa 35, akaja kuwauliza wenzake walioandika naye, mmoja anasema 80 kwa 20, mwingine 20 kwa 80. Na wote walikuwa wamekubaliana na sentensi hiyohiyo!

BintiChuma
Mtu wa watu hajarudi hata kutuambia anaandika nini wewe umeshamfikisha CIA 😂

Nyikani_Meru
Samahani wakuu umeme ulikatika. Ni kisima kirefu, kijiji kimoja huku Arumeru, mfadhili yuko Ulaya. Matatizo tumeorodhesha manne: pampu kuharibika, kamati ya maji kushindwa kukusanya hela za matengenezo, mvua kubwa kukata barabara kabla mtambo wa kuchimbia haujaingia, na floridi, ile ya kwenye maji inayoharibu meno.

FundiKokoto
Mwambie bosi wako hiyo "foreseeable" aiache palepale ilipo. Ngoja niwape ya kwangu.

Tulipata kazi ya kulaza bomba, kampuni yetu ndogo tu, na siku ya kuandika tenda mimi nikataka nionekane nimesoma, nikaweka aya nzima ya "Foreseeable problems", nikajaza mwamba mgumu, maji ya chini ya ardhi, mvua za masika, yaani kama mwanafunzi anayejaza ukurasa wa mtihani. Kwenye bei sikuweka hata senti ya kuvunja mwamba kwa sababu moyoni sikuamini kama upo. Wiki ya tatu ekskaveta ikaanza kukwaruza, inatoa cheche, haiendi chini. Nikakodi nyundo ya kuvunjia, inalipwa kwa siku, siku kumi na moja. Nikapeleka klemu, yaani madai ya kulipwa hela ya ziada. Sasa mkataba ulikuwa wa FIDIC, ile mikataba ya ujenzi ya kimataifa, na humo kikwazo cha ardhini unalipwa kama ni "unforeseeable", yaani mkandarasi mzoefu asingeweza kukitarajia mpaka siku ya kupeleka tenda. Injinia mshauri hakuniandikia barua ya maana, alinirudishia fotokopi ya aya yangu mwenyewe, neno "Foreseeable" limepigwa rangi ya njano. Basi. Nikauza Canter kulipa nyundo.

mwl_wa_zamu
Pole sana mkuu ila hapo kosa si neno, kosa ni bei. Hata ungeandika "potential" mwamba ungekuwa umeutaja tu.

FundiKokoto
Mwalimu ungekuwa na mimi kwenye kile kikao usingesema hivyo. "Potential" ningebishana nayo. Ile nyingine niliikuta imeshanijibia.

wakili_mstaafu_mtarajiwa
Fundi ana hoja. "Foreseeable" ni neno la mahakamani, tumelirithi kwa Waingereza pamoja na kesi zao, tangu Donoghue na Stevenson ya 1932, ile ya konokono ndani ya chupa. Ukishakiri jambo lilikuwa linaonekana, swali linalofuata ni kwa nini hukulizuia. Lakini mtoa mada anaandika andiko la mradi, siyo tenda. Mfadhili anataka ajue kama umefikiria. Nyamaza kabisa akuone hujui kazi.

Otis_254
Na "risk" na "issue" pia msichanganye. Risk haijatokea. Issue imeshatokea.

BintiChuma
Asante Otis, leo umesema. Kwa hiyo mtoa mada hiyo floridi haikai kwenye orodha hiyo hata kidogo. Hapo Meru floridi haitarajiwi, iko ndani ya miamba ya volkano toka mlima ulipowaka, waangalie wazee wa kijiji wakicheka tu utaona meno. Shirika la Afya Duniani wanataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Mmepima visima vya jirani? Kama hamjapima mfadhili akisoma "potential fluoride" atawashangaa, ni sawa na kuandika kuna uwezekano Arusha pakawa na baridi mwezi wa saba.

Nyikani_Meru
Vya jirani hatujapima. Tulipanga kupima baada ya kuchimba.

BintiChuma
Jamani!!

shangazi_wa_Tanga
Mie linaloniudhi ni hiyo "challenges". Ndo imetuletea changamoto kila kona. Zamani changamoto kitu cha kukuchangamsha, siku hizi choo kimeziba changamoto, hela ya kijiji imeliwa changamoto. Andika "problems", mtoto wa mwenzio, tatizo ni tatizo.

mwl_wa_zamu
Shangazi lugha inakua.

shangazi_wa_Tanga
Inakua au inavimba? Mbona TMA, wale wa hali ya hewa, wakisema angalizo, tahadhari, tahadhari kubwa, mpaka mvuvi anajua lini avute ngalawa. Maneno yapo, watu hawataki kusema.

andiko_chapchap
Naandika maandiko ya miradi kwa bei poa njoo inbox.

wakili_mstaafu_mtarajiwa
Mtoa mada, kwa nini kichwa kimoja kibebe vyote vinne? Pampu itaharibika tu, huo ni uhakika. Kamati ni "possible". Barabara inategemea mnachimba mwezi gani.

Nyikani_Meru
Fomu yao ina kisanduku kimoja. Maneno 150.

FundiKokoto
Mnachimba mwezi gani?

Nyikani_Meru
Wa nne.

FundiKokoto
Katikati ya masika! Hiyo andika "looming" kabisa 😂

Otis_254
Na asilimia 90.

kijana_wa_Usa
Samahani natoka nje ya mada, kuna aliyetumia ule mkaa wa mifupa wa kuchujia floridi kama wa pale Ngurdoto? Mama yangu anauliza maji yake hayana harufu?

shangazi_wa_Tanga
Mifupa ya mnyama gani kwanza?

kijana_wa_Usa
Ng'ombe nadhani.

BintiChuma
Ikichomwa vizuri haina harufu. Ikichomwa vibaya hata chai hutainywa. Nyikani umelala? Nenda ukapime maji.