CD4 ni 74, ameanza TLD wiki tatu zilizopita: yapi ya kuangalia miezi hii ya mwanzo?

Kaka Mkubwa

Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri kwa wanaozifahamu taratibu za CTC, kliniki za wenye VVU. Mgonjwa ni mdogo wangu wa kiume, miaka 34. VVU imeonekana, CD4 (hesabu ya chembe za kinga) 74. Uzito kilo 49, urefu sentimita 172. Anameza TLD, ile ARV ya kupunguza virusi, kidonge kimoja saa tatu usiku na septrini vidonge viwili asubuhi, wiki ya tatu sasa. Ana kikohozi kidogo, mdomoni kuna utando mweupe, na kiungulia kinamsumbua kila akila. Kwa kiungulia anakunywa ile dawa nyeupe ya maji kabla ya kulala. Ana fefo pia kwa sababu damu ilikuwa chini. Dawa ya kuzuia TB hajapewa.

Maswali yangu: septrini kila siku ya nini wakati hana ugonjwa wa kutibu kwa septrini? Hizi dawa zote hazigongani? Maji ya kisima tunayatia klorini, yanatosha? Kuna kipimo kimesahaulika? Na CD4 itapanda lini?

Dirisha la Dawa

Mkuu, nianze na kugongana, maana hapo kuna tatizo la usiku huuhuu.

Ndani ya TLD kuna tenofovir 300 mg, lamivudine 300 mg na dolutegravir 50 mg. Hiyo dolutegravir hushikwa tumboni na magnesiamu na aluminiamu, na dawa nyeupe ya kiungulia ndiyo imetengenezwa kwa vitu hivyo. Vikikutana, dolutegravir haiingii kwenye damu vya kutosha, inapita na kutoka chooni. Mgonjwa anahesabu kwamba amemeza, virusi vinapata dozi nusu. TLD imezwe saa mbili kabla ya dawa ya kiungulia, au saa sita baada yake. Kwa anayemeza TLD saa tatu usiku na kunywa dawa ya tumbo akienda kulala, ratiba imekaa vibaya. Njia rahisi ni kuomba kliniki wamhamishie TLD asubuhi pamoja na septrini. Faida nyingine ni kwamba dolutegravir huwanyima usingizi baadhi ya watu, na asubuhi hilo halisumbui sana. Akihitaji dawa ya asidi ya muda mrefu, omeprazole haigongani na dolutegravir.

Fefo, yaani vidonge vya chuma, ni kesi tofauti kidogo. Chuma (na kalsiamu) kinaweza kumezwa pamoja na TLD iwapo vyote vinamezwa na chakula. Tumbo likiwa tupu, kanuni ni ileile ya saa mbili kabla au saa sita baada.

Akisahau dozi ameze anapokumbuka, asirundike viwili. Akitapika na kidonge kikaonekana kwenye matapishi, ameze kingine. Vidonge vikae kwenye kopo lake na kile kipakiti cha kunyonya unyevu kibaki humo. Watu wengi huvihamishia kwenye mfuko wa nailoni kwa sababu kopo linapiga kelele kwenye begi na majirani wanajua. Weka pamba juu ya vidonge, kelele inaisha.

Nesi Kata ya Juu

Kaka, nakusalimu. Mimi hicho kiungulia sikiamini. CD4 74, utando mweupe mdomoni, na maumivu kila akila: muulize hivi, akimeza ugali au chai ya moto anasikia kama kinakwaruza au kinachoma nyuma ya mfupa wa kifua? Akisema ndiyo, mara nyingi hiyo ni fangasi imeshuka kwenye koo la chakula, wala si asidi. Dawa ya matone ya mdomoni haifiki huko. Tiba yake ni flukonazoli 200 mg kwa siku, siku 14 hadi 21. Akitibiwa kiungulia mwezi mzima ataacha kula, na kwa kilo 49 hana cha kupoteza.

Lakini kabla ya flukonazoli, ulizia kipimo kinachoitwa CrAg. Ni tone la damu, jibu linatoka ndani ya dakika kumi. Kinatafuta fangasi aina ya kriptokokasi, anayesababisha homa ya uti wa mgongo. Mwenye CD4 chini ya 100 anatakiwa apimwe hata kama hana dalili yoyote, na vituo vingi wanapima wote walio chini ya 200. Fangasi huyo huonekana kwenye damu wiki kadhaa kabla kichwa hakijaanza kuuma. Akikutwa naye, atachukuliwa maji ya mgongo kuangalia kama amefika kwenye ubongo. Kama hajafika, atapewa flukonazoli 800 mg au zaidi kwa siku wiki mbili, kisha 400 mg wiki nane, kisha 200 mg kwa muda mrefu. Ndiyo maana sitaki aanze 200 mg kabla ya kipimo: kwa kriptokokasi dozi hiyo ni ndogo, itafunika dalili tu.

Tena kwake hili lina haraka zaidi kwa sababu ARV ameshaanza. Kama fangasi yupo na hajulikani, kinga ikianza kuamka itampiga kwa nguvu, na uvimbe unaotokea humo kichwani ndio unaoua.

Kipimo cha pili ni TB. Ana kikohozi, kwa hiyo wako sahihi kutompa isoniazidi, hiyo dawa ya kuzuia TB. Ile ni dawa moja tu. Ukimpa mtu mwenye TB kamili, vijidudu vinavyobaki vinakuwa sugu. Kwanza TB iondolewe kwenye orodha. Apeleke makohozi kwa GeneXpert, mashine ya kupimia TB, na mkojo kwa kipimo cha LAM. LAM ni mkanda kama wa mimba, jibu baada ya dakika 25, na kinafanya kazi vizuri zaidi kwa walio na CD4 ya chini, ambao mara nyingi makohozi yao hayaonyeshi kitu. LAM ikiwa hasi haina maana TB haipo. Ikiwa chanya, anaanza dawa.

Makohozi yenyewe: asubuhi kabla ya kula, asukutue kwa maji matupu, avute pumzi ndefu mara mbili tatu, akohoe kutoka kifuani. Nje, au karibu na dirisha. Mate yanarudishwa na maabara.

Mti Shamba

Mimi naona mnampakia mtu makemikali. Septrini ya kila siku inaua ini. Ampe unga wa mlonge na kitunguu saumu, CD4 itapanda yenyewe, septrini aachane nayo.

Dirisha la Dawa

Mti Shamba, mlonge kwenye mchuzi hauna shida, ni mboga. Hiyo ya kuacha septrini ndiyo sikubaliani nayo hata kidogo. Mwaka 2011 watu walijipanga foleni ya magari Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha shilingi 500, na wapo walioacha ARV baada ya kunywa. Virusi havikuondoka.

Kaka Mkubwa, septrini hapo haitibu, inazuia. Vidonge viwili vya 480 mg, jumla 960 mg kwa siku, vinamkinga na kichomi cha pneumosistisi, toksoplasma (kimelea) ya ubongo, baadhi ya bakteria wa kifua na tumbo, na malaria kwa kiasi. Hivyo viwili vya kwanza ndivyo vinavyovizia mtu wa CD4 chini ya 200. Anaendelea nayo mpaka kinga ipande na daktari aseme basi. Mara nyingi ni CD4 zaidi ya 350 huku virusi vimefubaa.

Cha kuangalia ni ngozi, hasa mwezi wa kwanza. Vipele vya kuwasha bila homa, arudi kliniki waone. Vipele vyenye malengelenge, vidonda mdomoni, macho mekundu au ngozi kuchubuka: asimamishe septrini siku hiyohiyo na aende hospitali. Ipo dawa mbadala, dapsone 100 mg kwa siku. Macho kuwa ya njano au mkojo kuwa kama chai ya rangi, vilevile aende akapimwe.

Mombasa Raha

Kuhusu maji, ndugu yangu. Klorini huua bakteria na virusi vya tumbo lakini haimuui kimelea aitwaye kriptosporidiamu, na huyo ndiye anayeharisha watu wa kinga ya chini kwa wiki na wiki. Septrini nayo haimgusi. Chemsha. Yakishatokota kwa mapovu makubwa, hesabu dakika moja (mkiwa mlimani juu ya mita 2,000, dakika tatu). Yapoe kwenye chombo chenye mfuniko, mteke kwa koki au kwa kata ya mpini mrefu. Hapo kwenye kutumbukiza kikombe na vidole ndipo kazi yote inapoharibika. Maji ya kuoshea kachumbari na kupigia mswaki pia yawe hayo.

Nyama iive mpaka ndani isiwe na wekundu, mayai yagande, maziwa yachemshwe. Choo cha paka asisafishe yeye. Na kama kuna banda la njiwa au kuku, amwachie mtu mwingine kufagia, ile kriptokokasi aliyoitaja nesi hukaa kwenye kinyesi cha ndege na huvutwa na vumbi.

Kaka Mkubwa

Asanteni sana wakuu. Kweli akimeza ugali analalamika kifua. Kesho asubuhi tunakwenda. Ila nina wasiwasi na hilo la kutolewa maji ya mgongo. Mtaani wanasema ukitobolewa mgongo huponi, au unapooza.

Nesi Kata ya Juu

Wanasema hivyo kwa sababu wengi wanaotobolewa wamefika wakiwa wamechelewa, halafu sindano inabeba lawama. Sindano inaingia chini ya kiuno, mahali ambapo uti wenyewe umeshaisha, imebaki mishipa inayoelea kwenye maji na kusogea pembeni. Analala ubavu amejikunja, magoti karibu na kidevu. Anaweza kuumwa kichwa siku moja mbili baadaye.

Na kwa homa ya uti wa mgongo ya kriptokokasi, kutoa maji ni sehemu ya tiba. Fangasi huziba njia ya maji, shinikizo linapanda kichwani, ndiyo hayo maumivu yasiyosikia panado, kuona viwili viwili na kutapika. Wakitoa mililita 20 hadi 25, mgonjwa mara nyingi anapata nafuu palepale. Huenda wakarudia kila siku mpaka shinikizo lishuke. Wakikuambia leo tena, msikatae.

Nenda na karatasi yenye mambo manne yameandikwa: CrAg, makohozi, LAM, maumivu ya kumeza. Kliniki ikiwa na foleni, vitu husahaulika. Uliza pia homa ya ini B. Akiwa nayo, tenofovir na lamivudine zinaitibu hiyo pia, na siku akiacha TLD ghafla ini linaweza kuwaka.

Dirisha la Dawa

Naongezea: wakikuta TB na kumwanzishia dawa zenye rifampisini, dolutegravir lazima iongezwe. Rifampisini hulifanya ini liivunje haraka. Anameza TLD asubuhi na dolutegravir 50 mg peke yake baada ya saa 12, na anaendelea hivyo mpaka wiki mbili baada ya kumaliza dawa za TB. Asiondoke dirishani bila lile kopo la pili. Hili husahaulika hasa kliniki ya TB ikiwa jengo jingine.

TB isipokuwepo, atapewa kinga: isoniazidi 300 mg kila siku miezi sita pamoja na vitamini B6 ili miguu isife ganzi, au vidonge vya mara moja kwa wiki kwa wiki 12. Pombe aweke pembeni kipindi hicho.

Nesi Kata ya Juu

Nimalizie swali la CD4. Virusi hushuka haraka kwa TLD, kinga hupanda polepole. Mwaka wa kwanza wengi hupanda kati ya 50 na 150. Kwa hiyo wa 74 anaweza kumaliza mwaka akiwa bado chini ya 200 huku wingi wa virusi ni chini ya 50. Hapo dawa haijashindwa. Kipimo cha wingi wa virusi baada ya miezi sita ndicho kitakachosema kama TLD inafanya kazi.

Wiki ya pili mpaka mwezi wa tatu anaweza kuvimba tezi za shingo, kupata homa au kikohozi kipya wakati alikuwa anapata nafuu. Kinga imeamka na kukuta ugonjwa uliojificha. Watu huona ARV ndizo zinamdhuru, wanaziacha. Asiache, arudi kliniki ugonjwa utafutwe.

Nyumbani muwe na kipimajoto. Akiwa na joto 39 au zaidi, pumzi 30 au zaidi kwa dakika akiwa amekaa, mapigo ya moyo 120 au zaidi, au hawezi kutembea bila kushikwa, moja tu kati ya hayo, ni hospitali usiku huohuo. Pumzi zihesabu dakika nzima kwa simu, bila kumwambia unahesabu, akijua anazibadilisha. Kichwa kinachozidi siku hadi siku, kuchanganyikiwa, degedege au kukosa pumzi akipanda ngazi chache, vivyo hivyo.

Kaka Mkubwa

Na chakula dada? Kliniki walisema ale vizuri, basi.

Nesi Kata ya Juu

49 gawanya kwa 1.72 mara 1.72 unapata 16.6, ndiyo BMI, uwiano wa uzito na urefu. Chini ya 18.5 anastahili kupimwa kwa ajili ya chakula dawa, kile cha lishe kwa waliokonda, kwa hiyo waambie wampime urefu na mkono, wakiwa nacho watampa. Mwenye magonjwa nyemelezi anahitaji nguvu asilimia 20 hadi 30 zaidi ya kawaida, na kwa koo hilo hawezi kula sahani kubwa. Mpe kidogo kila saa mbili tatu: uji wa unga uliochanganywa karanga zilizosagwa, kijiko cha mafuta ndani, maziwa yaliyochemshwa, dagaa wa kusaga kwenye mchuzi, maharage yaliyopondwa, yai lililoiva. Vikiwa vuguvugu, si vya moto, na pilipili na limao visubiri mpaka koo lipone. Mpime uzito kila Jumatatu kwa mizani ileile. Akishuka kilo mbili ndani ya mwezi na anakula, msisubiri tarehe ya kadi.