Mashapo ya barafu hukaa muda gani kabla ya kufika baharini?

Mwalimu_Jio (Meru): Habari zenu wadau. Nilikuwa nafundisha kidato cha nne jinsi barafu inavyosaga mwamba mlimani na mto kubeba mashapo, yaani unga na mchanga wa mwamba, hadi baharini. Msichana mmoja akauliza: huchukua muda gani? Kitabu hakisemi, na sitaki kumbahatishia. Mwenye kujua anisaidie.

Mchimba_Visima (Kamloops, Kanada): Mwalimu, huyo binti ameuliza swali zito. Safari yenyewe yaweza kuwa ya siku chache tu. Kinachokula muda ni kungoja, na kungoja kwenyewe ni maelfu ya miaka.

Huku British Columbia, miaka elfu 15 hivi iliyopita, mabonde yote yalijaa barafu. Ilipoyeyuka, masalia yake yaliziba bonde la mto Thompson, likafanyika ziwa refu, na unga wa mwamba ukatua chini yake. Ziwa lilishatoweka zamani. Unga upo hadi leo: magenge meupe yaliyosimama wima kando ya mji. Kazini nautoboa kila mara. Unatoka na tabaka zake kama kurasa za daftari: nene jeupe la kiangazi, jembamba jeusi la majira ya baridi, tena jeupe, tena jeusi. Ukiwa mkavu ni mgumu. Ukipata maji unabomoka ghafla, ndiyo maana huku bomba linalovuja linaogopwa sana.

Basi genge likimeguka, unga unaingia mtoni. Umeshafika baharini? Wapi! Chini kidogo kuna Ziwa Kamloops. Mwingi unatua humo na kuanza kungoja upya. Ukienda Lytton, Thompson inapokutana na mto Fraser, utaona maji safi yakiingia kwenye maji ya kahawia. Fraser kwenye mkondo wake mkuu, ukiacha karibu na chanzo chake, haina ziwa la kuizuia. Punje laini iliyobanduka ukingoni pale mji wa Quesnel mwezi Juni, mto ukiwa umejaa, yaweza kufika delta ya Vancouver, mto unapoingia baharini, kwa siku chache, baada ya kulala ukingoni miaka elfu 10.

Mwaka 1989 wanajiografia Michael Church na Olav Slaymaker walionyesha jambo ambalo ningependa kila mwanafunzi alijue. Kwa kawaida, eneo ambalo mto unakusanyia maji yake likiongezeka, tope kwa kila kilomita ya mraba hupungua. Kwenye mito ya huku likawa linaongezeka, hadi kwenye maeneo ya kilomita za mraba 30,000 hivi. Maana yake mto unakula zaidi kingo zilizoachwa na barafu ya kale kuliko mlima wa leo.

Mwalimu_Jio: Asante sana ndugu yangu. Na Mlima Kenya je? Nimwambie yanateremka na Tana?

Mpagazi_wa_Chogoria: Inategemea upande, mwalimu. Upande wetu, Bonde la Gorges, maji yanaingia Ziwa Michaelson kwanza, ndipo mto Nithi uteremke kwenda Tana. Tope la juu linatua humo ziwani. Lakini barafu ya Lewis, ile wageni wanayopiga picha, maji yake yanashuka Bonde la Teleki, yanaingia mto Naro Moru, kisha mto Ewaso Ng'iro, na kwa kawaida yanaishia kinamasi cha Lorian. Bahari hayaioni. Walete Desemba wakishamaliza mtihani, niwaonyeshe moreni, marundo ya mawe na udongo yaliyoachwa na barafu, kwa macho.