IST inatetemeka nikishika breki kuanzia 80, na diski ni mpya

KandaMbili
Wakuu habari. Gari ni Toyota IST ya 2004, mbele diski, nyuma dramu. Nikishika breki nikiwa 80 hadi 100 usukani unacheza kushoto kulia, na pedali inapigapiga kidogo chini ya mguu. Chini ya 50 sihisi kitu. Nisipogusa breki gari limetulia kabisa hata kwenye 110. Taa ya ABS haiwaki. Diski na pedi za mbele zilibadilishwa, gari likatulia kama kilomita 4,000, kisha mtetemo ukarudi. Fundi anasema diski zimepinda tena, ninunue nyingine au nikaziskimu (zichongwe uso upya kwenye leithi, mashine ya kuchongea chuma). Kuna namna ya kujua kabla sijatoa hela mara ya pili?

GejiYaMshale
Usinunue bado. Hapo uliposema lilitulia kilomita 4,000 ndipo penye jibu. Diski iliyotoka dukani mbovu hutetemeka siku hiyohiyo. Inayoanza baadaye mara nyingi imeliwa upande mmoja, na kinacholisababisha kiko nyuma yake, kwenye uso wa hubu (kitovu cha gurudumu, ambacho diski inafungwa juu yake).

Diski ya zamani ikitolewa, hubu inabaki na magamba ya kutu. Wengi hawayasugui, wanachomeka diski mpya juu yake. Haikai sawasawa, kwa hiyo inazunguka ikiyumba. Kwa macho huoni kitu, ila kila mzunguko sehemu ileile inagusa pedi hata kama hujakanyaga breki, na inasuguliwa polepole hadi iwe nyembamba kuliko nyingine. Baada ya hapo ukikanyaga, penye unene panasukuma nyuma pistoni inayobana pedi, na penye wembamba panailegeza. Hiyo ndiyo pedali yako inayopigapiga. Diski "kupinda" ni neno la gereji tu. Nyingi hazijapinda, zina unene usiolingana.

Namna ya kuhakikisha: piga jeki, weka stendi, toa gurudumu. Rudisha nati zote 4 pamoja na washa (viringi vya chuma) na uzikaze, la sivyo diski inachezacheza na kipimo ni bure. Funga geji ya mshale (kipimo kinachoonyesha diski inayumba kiasi gani) kwenye shokapu, ncha yake iguse diski milimita 10 kutoka ukingoni, zungusha taratibu. Mshale usitembee zaidi ya milimita 0.05. Kisha chukua maikromita (kifaa cha kupimia unene mdogo), pima unene sehemu 8 kuzunguka diski. Tofauti ya 0.02 tu inatosha kuhisiwa kwenye usukani.

Mshale ukizidi 0.05, weka alama ya chaki kwenye diski na kwenye stadi moja (bolti ya hubu inayoshika nati), toa diski (ikigoma, ina matundu mawili yenye nyuzi, ingiza bolti za M8 uzikaze kwa zamu, usiipige nyundo). Sugua hubu kwa brashi ya waya na msasa hadi chuma king'ae, hasa kuzunguka shina la kila stadi, ndiko kutu hujificha. Rudisha, pima tena. Bado? Sogeza diski stadi moja mbele, pima tena. Una nafasi 4, chagua iliyo bora. Zikigoma zote, hubu au beringi ndiyo tatizo.

Boljointi
Nakubaliana na mkuu hapo juu, ila asisahau nyuma. Tafuta barabara tupu iliyonyooka, nenda 40, vuta hendibreki polepole huku umeshikilia kitufe ili uiachie muda wowote. Gari likitetemeka hapo, na unalisikia zaidi kwenye kiti kuliko usukani, dramu zimekuwa yai. Kwa maelezo yake lakini, usukani kucheza ni mbele.

Angalia pia bushi (raba za maungio) za loa amu, yaani mkono wa chini unaoshika gurudumu. Ingiza mtarimbo mfupi kati ya mkono na fremu, bana. Raba ikiwa imepasuka, mtetemo mdogo wa diski unafika mikononi mwako ukiwa mkubwa mara kadhaa. Bushi haileti tatizo peke yake, inalipaza sauti.

NatiTatu
Na nati! Fundi tairi anapiga bunduki ya upepo hadi inalia, moja imekazwa mno, nyingine kiasi, diski inavutwa upande. IST inataka Nm 103, kwa toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza), kwa mkasi: moja, ya mkabala, kisha mbili zilizobaki. Kila ukiziba pancha, legeza zote nne na ukaze upya.

Kingine: ukishuka mlima Kitonga kwa breki tupu, pedi zikachemka, kisha ukasimama chini umekanyaga pedali, pedi zinaacha alama ya utando kwenye diski. Alama hiyo inashika kuliko sehemu nyingine, dalili zinafanana kabisa. Shuka kwa gia ndogo.

KandaMbili
Asanteni sana. Sasa hizi nilizonazo nikiziskimu zitafaa?

GejiYaMshale
Zinafaa kama unene utakaobaki unazidi ule uliochongwa kwenye diski yenyewe, tafuta herufi MIN TH. Lakini kumbuka leithi inainyoosha diski kwa kufuata leithi, si kwa kufuata hubu yako. Ukiirudisha juu ya kutu, kilomita 4,000 nyingine utarudi hapa. Hubu kwanza, skimu baadaye.

Wakati imefunguliwa, chomoa pini za kalipa (kishikio kinachobana pedi). Zitoke kwa vidole. Iliyokwama inaacha pedi ikisugua muda wote. Paka grisi ya silikoni utando mwembamba tu, ukijaza tundu pini inarudishwa na hewa. Grisi ya kawaida ya beringi usiguse hapo, inavimbisha raba.

Pedi weka mpya au piga msasa hizo hadi uso uwe sawa. Halafu alfajiri, barabara ikiwa tupu: kutoka 60 shuka hadi 10 kwa breki ya wastani, mara 10, ukiacha nusu dakika kati ya kila moja, bila kusimama kabisa. Maliza kwa kutembea dakika 10 bila kugusa breki, na ukipaki usivute hendibreki mpaka dramu zipoe.