Nimelipia seti nzima ya taiming cheni, nimefungiwa cheni peke yake!!!

Wakuu naandika hapa mikono inatetemeka kwa hasira, mnivumilie kama nitarukaruka.

Gari yangu ni ya petroli, silinda 4, imeshatembea kilomita 280,000 na ushee na injini ilikuwa haijawahi kufunguliwa. Miezi kadhaa nyuma ikaanza kelele asubuhi, ukiwasha tu unasikia krrrrr kama mtu anatikisa mnyororo ndani ya debe, sekunde mbili tatu halafu kimya, na mchana injini ikiwa ya moto husikii kitu. Nikapuuza, maana siku nanunua niliambiwa hii ni ya cheni siyo ya mkanda kwahiyo haibadilishwi mpaka injini ife. Jamani huo ni uongo. Gari ya mkanda kitabu chake kinakwambia ubadilishe kila kilomita kadhaa, ya cheni mara nyingi hakiandiki kitu ndo maana watu wanadhani haichakai. Inachakaa! Siyo kwamba chuma kinavutika kama mpira, ni vile vipini vidogo vinavyoshika pingili ndo vinalika, kila pingili inapata kauwazi kadogo sana, ukijumlisha pingili zote cheni imeshakuwa ndefu na kemshafti (shafti ya juu inayofungua valvu) inaanza kuchelewa nyuma ya krenki (shafti ya chini inayozungushwa na pistoni), na kazi ya hiyo cheni ndo kuziunganisha hizo mbili zizunguke kwa kulingana.

Nikaenda gereji. Sikwenda kama mtu asiyejua kitu, nilimwambia fundi mkuu kwa mdomo wangu, naomba ubadilishe vyote, cheni, tensheni (kile kifaa kinachoikaza cheni), zile reli za plastiki zinazoongoza cheni, gia za juu na ya chini, na sili ya krenki ukiwa umeshafungua. Akasema bosi ondoa shaka. Risiti imeandikwa SETI YA TAIMING na hela nimelipa ya seti. Gari ilikaa kwao siku tatu, nilipoenda kuchukua nikaomba spea zangu za zamani nizione nikaambiwa zimeshatupwa, na mimi nikanyamaza nikaondoka. Hapo najuta mpaka leo.

Wiki tatu tu krrrrr ikarudi. Narudi kwao wananiambia weka oili nzito kelele itaisha, yaani fundi mzima anamwambia mteja hivyo wakati tensheni inasukumwa na presha ya oili, na oili nzito asubuhi ndo inachelewa zaidi kufika kule juu, kwahiyo unazidi kuiacha cheni ikipiga piga bila wa kuikaza. Baadae taa ya injini ikawaka, mashine ya kupimia gari ikatoa kodi ya kosa P0016, maana yake krenki na kemshafti hazisomani, wao wakasema ni sensa, nikanunua sensa wakafunga, siku ya pili kodi ileile. Wakataka ninunue na sensa ya krenki! Nikasema hapana nikachukua gari yangu.

Nikampelekea fundi mwingine, mtu mzima mmoja hana maneno mengi, akaniambia baki hapahapa uone nikifungua. Akatoa puli ya krenki, akashusha sampu (lile bakuli la oili chini ya injini), akatoa kava la mbele. Akawasha tochi akanyamaza. Cheni mpya kabisa inang'aa, na imelala juu ya reli ileile ya zamani! Plastiki imekuwa ya kahawia, imechimbwa mifereji miwili pale cheni inapopita, na upande wa chini kipande kama nusu kidole hakipo. Akaichomoa akanipa mkononi, nikaibonyeza kidogo tu ikakatika kama biskuti. Tensheni ni ileile iliyokuja na gari, kale kapistoni kake kametoka karibu kote nje hakana tena pa kwenda. Gia ya krenki meno yamelala upande mmoja yamechongoka. Kile kipande cha reli tulikikuta kwenye sampu, vingine vidogo vidogo vimenasa kwenye chujio la kunyonyea oili, na humohumo kuna minyuzi ya silikoni waliyopaka kwenye kava kama wanapaka ukuta lipu, ikamwagikia ndani. Chujio likiziba oili haipandi, na oili isipopanda hakuna cha cheni wala nini, injini yote imekwenda.

Sasa naomba mnielewe hasira yangu iko wapi. Kwenye hii kazi shida kubwa ni kufungua. Ukishatoa puli, ukashusha sampu, kwenye gari nyingine ushikilie na injini kwa jeki maana mauntingi (kishikio cha injini) ya upande ule inatoka, umeshamaliza sehemu ngumu, tensheni inafungwa kwa bolti mbili hivi na reli hivyohivyo. Kuna injini kama N47 ya BMW cheni iko nyuma upande wa giaboksi, hapo kufika kwenye cheni ni shughuli pevu, nani mwenye akili afike mpaka kule halafu arudishe plastiki iliyokwisha?? Na kuweka cheni mpya kwenye gia za zamani ni kuiua, meno yameshalika kwa kufuata cheni iliyokuwa ndefu, mpya haikai vizuri inaanza kulika siku hiyohiyo.

Nimewapigia simu, mnajua wamesema nini? Eti tensheni ilikuwa nzima, "niliibonyeza kwa mkono nikaona bado ina nguvu". Mkono! Kitu kinafanya kazi kwa presha ya oili, kina kavalvu ndani kanakozuia oili isirudi ukizima gari, kavalvu kakichoka oili inashuka usiku kucha na asubuhi unawasha tensheni ikiwa tupu. Hicho utakijuaje kwa kubonyeza na dole gumba? Na hata kama ilikuwa nzima kweli, mbona hela ya mpya mlichukua?

Kinachoniuma zaidi ya hela ni kwamba ndani ya zile wiki nilisafiri safari ndefu na wanangu watatu nyuma. Hii injini yangu cheni ikiruka meno ya kutosha valvu zinagongana na pistoni, injini inazima hapohapo ukiwa kwenye mwendo, usukani unakuwa mzito, breki ukikanyaga mara mbili tatu zinakuwa ngumu kama jiwe. Nikifikiria hilo usingizi unakata. Mtu alijua anachokirudisha mle ndani, alikishika kwa mkono wake akakiona kimekatika, akafunga kava.

Huyu mzee sasa anafanya upya. Nimenunua kila kitu mwenyewe nimemletea boksi halijafunguliwa, hata bolti ya puli mpya maana ya injini hii ni ya kutumika mara moja, jana kalinganisha alama zote, kachomoa pini inayoizuia tensheni mpya ili ianze kukaza cheni, kazungusha krenki kwa mkono mizunguko miwili kamili alama zikarudi palepale, akazungusha tena mingine miwili mbele yangu bila mimi kuomba. Leo anasafisha sampu na chujio.

Reli iliyokatika, tensheni na ile gia ya krenki nimeziweka kwenye mfuko pamoja na risiti yao, na picha nimepiga kila hatua kava likiwa wazi. Kesho asubuhi naenda navyo pale gereji, nataka hela ya spea ambazo hawakufunga, hela ya ufundi na hela ya ile sensa. Kama kuna aliyewahi kudai akalipwa kwa kitu kama hiki aniambie alianzia wapi, niko hapa nasoma.