Tupeane uzoefu: Mtoto hataki kulala usiku, ninyi mlivuka vipi bila kumdhuru?

Wazazi wenzangu, habari za leo.

Nina binti wa mwaka mmoja na miezi. Tangu aanze kutembea, saa nane usiku anaamka, macho makavu, anataka kucheza. Ukimlaza analia mpaka majirani wa nyumba yetu ya kupanga wanagonga ukuta. Saa kumi na moja mimi natakiwa niwe kituoni nasubiri daladala. Baba yake yuko safarini muda mwingi.

Kilichonifanya niandike ni ushauri ninaopewa saluni, sokoni, hata kwenye kikoba: "Mpe Piriton kidogo, utalala kama malkia." Anayesema ni mtu mzima, ana watoto wake wakubwa, na anasema kwa upendo kabisa. Nilienda duka la dawa nikauliza kwanza, na mfamasia akanikatalia kuniuzia. Akaniambia usingizi ule ni madhara ya dawa, na kwa mtoto mdogo dawa inayolegeza mwili inaweza kulegeza na pumzi.

Kwa hiyo dawa simpi. Lakini saa nane usiku bado inafika. Naomba mnieleze: mtoto wako alikuwa na umri gani, nini kilikuwa kinamwamsha, na wewe ulifanya nini nguvu zilipokuisha? Hilo la mwisho ndilo nalitaka zaidi, maana watu hawalisemi.

*

Baba wa mapacha, Mwanza

Dada yangu, hilo la mwisho nitalisema mimi.

Wetu walikuwa wachanga, wiki ya sita hivi. Mmoja akinyamaza anamwamsha mwenzake. Walikuwa wanaanza magharibi na kumaliza usiku wa manane, uso mwekundu, miguu wameikunja tumboni. Tulijua ni chango. Tuliwapima joto, hakuna. Wananyonya vizuri, uzito unapanda. Kliniki wakatuambia kilio cha mtoto mchanga huongezeka wiki za mwanzo, hufika kileleni karibu na wiki ya sita, kisha hupungua chenyewe anapofika miezi mitatu au minne. Kujua kwamba kina mwisho kulitusaidia kuliko dawa yoyote.

Usiku mmoja niliamka nikamkuta mama yao amemshika mtoto mabegani, analia yeye na mtoto, mikono inatetemeka. Hakufanya kitu. Lakini nilimwona usoni nikajua amefika mwisho. Nilimpokea mtoto, nikamwambia nenda kakae nje barazani. Asubuhi tulienda kumweleza muuguzi yule wa kliniki, na wala hakutushangaa. Alituketisha akatufundisha kitu ambacho nadhani kila mzazi angefundishwa kabla hajatoka wodi ya uzazi.

Alisema: ukihisi hasira inapanda, mlaze mtoto chali mahali salama, kwenye kitanda chake au kwenye godoro lililotandikwa chini, pasipo na mto wala blanketi zito karibu. Toka chumbani. Funga mlango. Nawa uso, kunywa maji, mpigie mtu. Dakika tano mpaka kumi. Kisha rudi umwangalie. Mtoto mzima hafi kwa kulia dakika kumi. Anayekufa ni yule anayetikiswa.

Akatueleza sababu. Kichwa cha mtoto mchanga ni kizito ukilinganisha na mwili wake, na shingo bado ni laini. Ukimtikisa, ubongo unagongagonga ndani ya fuvu, mishipa midogo inachanika, damu inavujia ndani. Nje huoni hata mchubuko. Anaweza kupofuka, akapata kifafa, akapooza, au akafa. Na inachukua sekunde chache tu za mtu ambaye anampenda mtoto wake.

Baada ya hapo tuligawana usiku. Mimi mpaka saa saba, yeye kuanzia saa saba. Asiye zamu analala chumba kingine, na hakuna kumwamsha mwenzako ili mgombane. Akina baba wenzangu, kama mama yuko peke yake na mtoto asiyelala, hiyo ni kazi yetu. Usiite kumsaidia.

*

Mama wa watatu, Mombasa

Pole mwanangu. Wako si mchanga tena, kwa hivyo mambo ni tofauti.

Wangu wa pili alinifanyia hivyo hivyo. Mamangu alikuja kukaa nasi, akanitazama siku nzima bila ya kusema neno, kisha jioni akaniambia: "Huyu mtoto wako analala alasiri mpaka Magharibi. Usiku unataka alale usingizi gani tena?" Na ni kweli. Yaya alikuwa akimlaza saa kumi ili apate kupika.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019: mtoto wa mwaka 1 hadi 2 anahitaji saa 11 hadi 14 kwa siku nzima, pamoja na usingizi wa mchana. Wa miezi 4 hadi 11 ni saa 12 hadi 16. Hesabu usingizi wote wa wako, si wa usiku pekee. Pengine saa zake zatimia, ila zimekaa pahali pabaya.

Tulimsogeza alale baada ya chakula cha mchana, na saa tisa tunamwamsha hata akinuna. Jioni anatolewa nje akimbie. Halafu mambo yakawa yale yale kila siku: chakula, kuoga maji vuguvugu, nguo nyepesi, taa inapunguzwa, namwimbia, analazwa. Simu na runinga zinazimwa mapema. Mwongozo huo huo wasema mtoto ambaye hajatimiza miaka miwili asiwekwe mbele ya skrini kabisa.

Akiamka usiku siwashi taa kubwa. Sizungumzi naye sana, sichezi. Nampapasa mgongo, nampa maji, namlaza tena. Siku za mwanzo alilia kwelikweli, nami niko pale kando yake. Haikuwa mwujiza wa siku moja.

Na joto! Kwetu Kaskazi likivuma mtoto anaamka amelowa jasho tukadhani ana njaa. Tazama shingo yake na kifua. Mvue, fungua dirisha lenye wavu, chandarua kivutwe kisimguse mwilini.

*

Muuguzi wa watoto, Dodoma

Nashukuru kwamba umekataa ile dawa. Niongeze, maana wodini tunayaona matokeo.

Piriton ni dawa ya mzio. Watoto wengine ikiwaingia hawalali, wanachachamaa usiku kucha, na mzazi anaongeza dozi. Hapo ndipo hatari ilipo. Promethazini, dawa nyingine ya mzio, ni kali zaidi: mwaka 2004 mamlaka ya dawa ya Marekani iliweka onyo zito kwamba asipewe mtoto wa chini ya miaka 2, kwa kuwa pumzi inaweza kusimama. Dawa za kikohozi zinazolevya nazo ziko kundi hilo. Asali kwa mtoto ambaye hajatimiza mwaka inaweza kubeba vijidudu vya sumu inayopooza misuli. Pombe kwenye ufizi, hata tone, usiruhusu. Na maji ya chango anayopewa mtoto wa chini ya miezi sita hayana faida iliyothibitishwa, ilhali yanaweza kumletea kuhara.

Mtoto mchanga alazwe chali, usiku na mchana. Zamani wakunga walifundisha kumlaza kifudifudi. Uingereza ilianza kampeni ya kuwalaza chali mwaka 1991, Marekani mwaka 1994, na vifo vya ghafla vya watoto usingizini vikapungua kwa zaidi ya nusu. Wengi wetu tunalala na mtoto kitanda kimoja na sitawaambia mjifanye mna vyumba kumi. Lakini asilale na mtu aliyekunywa pombe au dawa za usingizi, asilale katikati ya watu wazima wawili, na kusiwe na mwanya kati ya godoro na ukuta. Kwenye kochi kamwe. Mama mchovu akisinzia na mtoto kifuani kwenye kochi, mtoto anateleza pembeni na kuzibwa pua.

Mlete hospitali, usisubiri asubuhi, akiwa na homa na hajafikisha miezi mitatu, akikataa kunyonya, akipumua kwa shida, akitapika kila kitu, akipata degedege, utosi ukivimba, au kilio kikibadilika kuwa kikali kisicho cha kawaida.

*

Mkazi wa Makete

Huku kwetu ni baridi, na watu huingiza jiko la mkaa chumbani ili mtoto alale. Naomba sana acheni. Mkaa unaowaka ndani hutoa gesi ya kaboni monoksaidi. Haina harufu, huioni. Mnalala wote na hamwamki. Mtoto akisikia baridi mwongezee nguo na soksi, jiko libaki nje.

*

Mama, Nairobi

Wa kwangu shida ilikuwa kinyume. Mchana alikuwa akilala kupita kiasi, jioni analegea, usiku hapati usingizi. Nikakuta chupa ya dawa ya mafua inapungua na hakuna aliyekuwa mgonjwa. Nilizungumza na yaya kwa upole, nikamwambia siji kukufukuza, nataka tu kujua amepewa nini ili nimwambie daktari. Alilia akaniambia ukweli. Alikuwa msichana mdogo, hajalala vizuri tangu aje, kazi zote za nyumba ni zake na mtoto ni wake. Tulimpunguzia kazi, akapata siku ya kupumzika, dawa zote nikafungia kabatini. Bado tuko naye.

*

Baba wa Arusha

Wetu alikuwa anakoroma kama mtu mzima, anagaagaa, pumzi inakatika kidogo kisha anashtuka na kuamka. Tulihangaika na mafuta na maombi. Daktari wa masikio, pua na koo akakuta nyama za puani zimevimba. Baada ya upasuaji usingizi ukatulia. Kama wako anakoroma kila usiku na analala kinywa wazi, mpeleke akaangaliwe.

*

Mwanzisha mada

Asanteni, nimesoma yote. Hakoromi. Usingizi wa alasiri nimeuona, kwa jirani anayeniangalizia analala saa kumi kweli, nitaongea naye kesho. Swali: bado ananyonya, na akiamka akinyonyeshwa tu anatulia kidogo kisha anataka kucheza. Nimwachishe?

*

Mama wa watatu, Mombasa

Usimwachishe ziwa kwa ajili hiyo, miaka miwili haijafika. Mnyonyeshe vizuri kabla hajapigwa mswaki na kulazwa, ashibe. Usiku akiamka, anza kwa kumpapasa, ziwa liwe la mwisho, na siku baada ya siku punguza muda. Yeye sasa amezoea kwamba usingizi unakuja na ziwa, akikosa ziwa hajui alale vipi. Atajifunza, mpe wiki kadhaa.

Na wewe mwenyewe je? Yule jirani anayekuangalizia, mwombe Jumamosi akukalie na mtoto saa mbili tatu ulale. Usifue. Usipike. Ulale. Na kama hata mtoto akilala wewe hupati usingizi, unalia bila sababu, au unajiwa na mawazo ya kujidhuru au kumdhuru, nenda kliniki uwaambie hivyo hivyo ulivyohisi. Binti yangu alipata hiyo baada ya kuzaa, akatibiwa, sasa ni mzima.